Karata Niliyoilalia

Kashebere, tarehe 14 mwezi wa tisa

Leo ni siku ya pili tangu Tate afike, na nimefungua daftari hii juu nisipoandika nitapasuka.

Tate njo mama ya bwana yangu. Jina lake Anastasie, muzee wa miaka sitini na nane, Munande wa Butembo. Aliuza vikwembe, nguo za kitenge, mujini Sake miaka ishirini mupaka vita ikamufungia duka. Bwana yangu Lévi alikufa mwezi wa sita: camion yake ilipinduka kwenye matope ya njia ya Hombo, ikamufunika. Tulimulilia, tukamuzika, nikanyolewa nywele. Sasa kilio kimeisha, na mama yake amekuja juu ya moto, pikipiki ya kukodi, mvua yote ikimunyeshea, na mufuko mumoja wa nguo. Akasema, "Nimekuja kuona mutoto."

Kuona! Mutoto ana pembe? Kila mutu wa hapa anajua mama ya marehemu anakuja kuona nini kilio kikiisha. Mbuzi kumi na mbili za mahari zilifika zote kwa baba yangu, hakuna hata moja iliyopungua. Kwa hiyo Kétsia, mutoto wangu wa miaka kenda, ni wa kwao. Ile njo desturi. Lévi angekuwa hai, hakuna mutu angenikumbusha.

Baba yangu, Papa Byamungu, amemupa Tate kitanda chake, yeye analala chini. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Mugeni ni mugeni." Sawa. Mugeni siku mbili, ya tatu mupe jembe. Kesho nitamupa.

Tarehe 15

Nilimupa jembe. Alilima akanipita.

Tarehe 18

Mvua tangu saa sita, shamba haliingiliki. Mimi ni mwalimu wa mwaka wa tatu, lakini shule imefungwa tangu mwezi wa pili, na madawati yalishakuwa kuni za waaskari. Kwa hiyo tulikaa kwenye barza tukiangalia maji.

Tate alitoa katika mufuko wake pakiti ine za karata. Moja ina mugongo mwekundu, moja bluu, moja kijani, ya ine ina picha ya samaki. Nikajua sasa atatupigia ramli. Kumbe ni muchezo. Unaitwa pasiansi. Watu wanajua ile ya mutu mumoja, anayecheza peke yake siku ipite. Hii ya kwao ni ya jamaa nzima. Bwana yake alikuwa shofere wa njia ya Kisangani. Wakati ule camion zilikwama kwenye matope hamsini, sitini, moja nyuma ya ingine, wiki tatu, na mashofere na wake zao walicheza juu ya kifuniko cha pipa.

Iko hivi. Kila mutu na pakiti yake. Unahesabu karata kumi na tatu, unaziweka kando: ule njo muzigo, na karata ya juu tu njo iko wazi. Mbele yako unapanga ine ingine: magurudumu. Juu ya magurudumu unashuka namba kwa namba, nyekundu juu ya nyeusi, nyeusi juu ya nyekundu. Zinazobaki unashika mukononi, unazifungua tatu-tatu. Asi, ile karata ya moja, ikitoka unaitupa katikati. Katikati kunaitwa barabara, na barabara ni ya wote: asi yangu, mbili yako, tatu ya mutoto, mupaka rua, ile ya mufalme. Wote munacheza mara moja, mikono inagongana. Mwenye kumaliza muzigo wake anapiga kelele, "Nimeshusha!" na kila mutu anaacha.

Niliuliza, "Sasa zamu yangu iko lini?"

Tate akasema, "Matope iko na zamu?"

Nilishindwa mara tano. Kétsia alikuwa wa pili mara zote. Mutoto yule ana mikono ya mwizi, Mungu anisamehe.

Tarehe 20

Mvua. Nimeshindwa.

Tarehe 21

Misa, mvua, nimeshindwa.

Tarehe 23

Leo Kétsia amenishinda mara tatu. Mimi mwenye diploma.

Tarehe 25

Baba ameingia katika muchezo. Alikuwa anasimama nyuma yetu siku zote, akisema karata ni kazi ya wavivu, na shingo inarefuka. Leo Tate alimusukumia pakiti ya samaki. "Keti, mukwe. Shingo itakatika."

Baba anacheza polepole, analamba kidole, anaangalia karata mbele na nyuma. Tate alimuambia, "Mukwe, weye unacheza sawa mutu anapanda viazi."

"Na viazi vyangu unakula," Baba akajibu.

"Ninakula juu ya huruma."

Walicheka wote wawili mupaka Baba akakohoa. Sikucheka. Sijamusikia Baba akicheka hivyo tangu Mama afe, na iliniuma kwamba yule njo amemuchekesha.

Tarehe 3 mwezi wa kumi

Leo amesema.

Tulikuwa tunamenya muhogo, mimi na yeye. Kétsia alienda kuchota maji. Tate hakuinua macho. Alisema, "Mama Kétsia, mutoto anapashwa kusoma. Butembo kuko shule. Sylvain anatafuta njia." Sylvain ni mutoto wake mwingine, mukubwa wa Lévi, ana magari yake Kisangani.

Nilisema, "Mimi ni mwalimu. Ninamufundisha hapa hapa."

"Ukikufa, nani atamufundisha?"

"Na weye ukikufa?"

Akaacha kisu. "Sikukuja kukuomba, mutoto wangu. Nilikuja kukuambia."

Haki ya Mungu, kisu changu nilikishika vibaya. Nilimuambia Kétsia alitoka tumboni mwangu, si tumboni mwa mbuzi. Nilimuambia Lévi ameshakufa, asinichukulie na mutoto. Nilimuambia aende na mukono mutupu kama alivyokuja. Aliendelea kumenya, na hasira yangu ikakosa pa kuanguka. Kisha Kétsia akarudi na kidumu kichwani, nikamutua.

Nilienda kwa Baba kwenye shamba la maharagi. Nilitaka aseme hapana yake kama mwenye nyumba. Alingoa majani mara mbili, mara tatu. Akasema, "Mbuzi tulikula, Noëlla." Ni hayo tu alisema. Niko peke yangu katika jambo hili, na ni vizuri kulijua.

Tarehe 4

Nimeshinda! Mara ya kwanza.

Nilipata asi ya piki mapema na sikuitupa. Niliificha chini ya vidole, juu nilikuwa na mbili na tatu zake kwenye magurudumu. Asi zao za piki zilikuwa chini ya mizigo yao, na wote watatu piki zao zikajaa mukononi, hawana pa kuziweka. Mimi nikapunguza muzigo polepole, kisha nikatupa asi, mbili, tatu, ine kwa mara moja. Nimeshusha!

Kétsia alilia, "Tate, aliificha! Niliiona!"

Tate alisema, "Inaitwa kulalia karata. Hakuna sheria inayokataza. Mashofere walifanya." Akakusanya karata zake akiangalia migongo moja moja. "Lakini mutu akilalia karata, barabara inafungwa kwa wote. Hata kwake."

Nilimuambia mimi nimeshinda, kwangu haikufungwa. Akasema, "Ndiyo, leo."

Tarehe 9

Mama Solange, jirani, alipita akatukuta. Akasimama kwenye barza, mikono kiunoni. "Mujane anacheza karata? Hata nywele hazijarudi?"

Tate hakuacha kufungua karata. "Mama Solange, ni mimi mama ya marehemu. Mutoto ninayemulilia ni wangu. Kama mimi ninamugawia karata, weye unalia kwa nafasi ya nani?"

Solange alienda zake. Mimi nilibaki na karata mukononi, masikio yanawaka. Sikumuambia asante. Lakini ningekuwa na mudomo ule, ningekuwa direktere ya shule saa hizi.

Tarehe 12

Milio ya bunduki upande wa Masisi, tangu asubuhi mupaka saa nane. Kisha mvua.

Tarehe 14

Milio. Maharagi yametoa maua.

Tarehe 19

Kétsia alimuuliza Tate siku gani ilikuwa mbaya zaidi kwenye matope. Tate alifikiri sana. Akasema mwaka ule camion zilikwama siku arobaini na moja. Yeye alikuwa na mimba ya mwezi wa kenda. Chakula kiliisha, chumvi ikaisha, na uchungu ukamupata ndani ya cabine. Bwana yake alikimbia kutafuta mwanamuke wa kumusaidia, akarudi na wane, wote wameshika karata bado mukononi, kila mumoja hataki mwenzake aone zake. "Walisema, 'Mama Sylvain, sukuma haraka, mimi nimebakiza karata mbili!'" Alipozaa, walimufunika mutoto na bashi, lile turubai la camion. "Yule njo papa yako, Kétsia. Alizaliwa kwenye matope, na matope yakamurudisha."

Alisema hivyo na sauti yake haikubadilika, lakini mikono iliacha kuchanganya karata. Nilisikia huruma, na hasira juu ya ile huruma. Mimi nilimupoteza bwana niliyekaa naye miaka kumi na moja. Yeye alimupoteza mutu aliyemusukuma duniani. Sikuwaza hivyo hata siku moja tangu afike. Nilikuwa nahesabu machozi yangu tu.

Nilimupikia sombe ya majani ya muhogo na mawese, sahani ya kwanza nilimupa yeye. Alikula akasema chumvi ni kidogo.

Tarehe 23

Goti la Baba limevimba. Tate analikanda na mafuta kila asubuhi, na Baba analalamika sawa mutoto. Leo hatukucheza.

Tarehe 28

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Simu iko moja kwetu, yangu. Ya Tate ilianguka mutoni alipokuja. Rezo haifiki nyumbani, inapatikana juu ya kilima tu, kwa kupanda saa nzima. Nilipanda asubuhi kama kila wiki. Simu ikalia mara moja. Ilikuwa ujumbe wa Sylvain: "Noëlla, tarehe 30 asubuhi Honoré atakuja na moto. Mama na Kétsia wakuwe tayari. Gari yangu inangoja Walikale. Barabara itafungwa siku yoyote. Nipigie, nikueleze mengine."

Honoré ni motari wa hapa, anabeba watu juu ya moto. Nilisoma mara ine. *Mama na Kétsia.* Nilikaa juu ya jiwe. Kutoka pale unaona shamba letu, na moshi wa jiko, na kitu kidogo chekundu kinachokimbia kwenye kiwanja: gauni ya Kétsia.

Sikumupigia. Niliandika: "Mama anaumwa, hawezi kupanda moto. Anasema acha kwanza. Atakuambia mwenyewe." Nikatuma. Nikafuta ujumbe wake, nikafuta wangu. Vidole havikutetemeka hata kidogo. Niliona aibu juu ya hiyo baadaye, njiani, nikishuka.

Tate alikuwa mulangoni. "Kuko habari?"

"Hakuna," nilisema. "Rezo ni mbaya."

Aliniangalia. Mimi nikaenda kuangalia sufuria.

Tarehe 29

Nimecheza vibaya.

Tarehe 30

Moto haikuja. Nilipika maharagi mabichi na viazi.

Tarehe 31

Ee Yesu.

Tulikuwa tunacheza, watu wane, mvua ikipiga mabati. Milio ilikuwa karibu kupita siku zote, Kétsia akawa anashituka, karata zikimuangukia. Tate akasema, akimuambia Baba, si mimi: "Sylvain anachelewa. Nilimutumia neno kwa mudomo wa Honoré wiki mbili zimepita. Nilimuambia nafasi tatu."

Baba akauliza, "Tatu?"

"Tatu. Mimi, mutoto, na mama yake." Akafungua karata tatu, akaangalia, akazirudisha. "Nilikuja hapa na neno lingine, mukwe, unalijua. Lakini huyu binti yako anaficha asi mupaka vidole vinakuwa vyeupe. Nikasema, mutu anayeshika hivyo, ukimunyanganya mutoto, utamunyanganya na mikono. Butembo kuko shule, na shule zinatafuta walimu. Nilisema nitamuambia siku moto zikija, asikatae mbele kwa kiburi chake."

Kisha akanigeukia. "Siku ile ulipanda. Hakukuwa kitu kweli?"

Ningesema pale. Mudomo ulifunguka. Baba alikuwa ananiangalia na uso wa furaha, sawa mutu aliyeletewa zawadi.

Nilisema, "Hakukuwa kitu, Mama."

Ni mara ya kwanza nilimuita Mama.

Tarehe 1 mwezi wa kumi na moja

Nilipanda kilima kabla jua litoke, nikikimbia, nikianguka. Nimupigie Sylvain, nimuambie atume moto leo, kesho, atume punda kama anataka. Hakuna rezo. Nilikaa mupaka saa nane nikiinua simu juu. Mutu mumoja aliyepita na mbuzi zake aliniambia antena imechomwa.

Nilishuka nikaenda kwa Honoré, motari. Alikuwa anaosha moto yake. Alisema tarehe 30 alikuwa amejiandaa, yeye na mwenzake, moto mbili, na Sylvain akamuambia aache. Sasa daraja limekatwa jana. "Ungekuja siku mbili mbele, Madame."

Nimetia mukono mwenyewe. Hakuna mutu amenisukuma.

Tarehe 6

Wenye bunduki wamefika saa ine ya asubuhi. Ninaandika chini ya muti, ndani ya msitu, daftari juu ya goti.

Tulisikia mabomu mawili, kisha watu wanakimbia kwenye barabara na magodoro. Nilifunga unga, sufuria, bashi. Kétsia alibeba karata, hakuna aliyemuambia. Tate alivaa viatu vyake vya Misa juu hana viatu vingine. Baba alikaa juu ya kiti chake.

"Simama, Papa!"

"Maharagi yamebakiza wiki tatu," akasema. "Na goti hili, mutanibeba? Endeni. Mimi ni muzee, watanifanyia nini?"

Nilimuvuta mukono. Nilimutukana, mimi binti yake. Alinipiga kofi dogo la shavuni, sawa nilipokuwa mutoto, akasema, "Peleka mutoto." Tate alipiga magoti mbele yake akamufunga goti na kikwembe chake, kwa nguvu, akakaza fundo. "Kwaheri, mukwe." Baba akasema, "Kwaheri, mukwe. Siku ingine nitakushinda."

Tumefuata watu wa njia ya msitu, inayoshuka Hombo. Wanasema siku sita. Kwa Tate itakuwa kumi.

Tarehe 8

Mvua. Matope mupaka magotini. Miguu ya Tate imevimba, viatu vimepasuliwa na kisu.

Tarehe 10

Tate anahara tangu jana. Tunakunywa maji ya kijito, hakuna kuni kavu za kuyachemusha. Watu wanatupita. Kila anayetupita anasema pole.

Tarehe 11

Tulipumuzika katika kanisa la majani, kijiji ambacho wenyewe wamekimbia. Kétsia alilala. Tate alikuwa ameegemea nguzo, midomo imekauka. Akasema, bila hasira, "Mama Kétsia. Moto zilikuja ao hazikuja?"

Nilijua siwezi tena kuficha.

Nilimuambia yote. Ujumbe, jibu langu, kilima, Honoré, daraja. Nilisema nilifikiri nafasi ni mbili. Nilisema sikujua. Hata mimi nilisikia jinsi lile neno lilivyo jepesi, nikaliacha. Nilisema, "Unitukane, Mama. Unipige."

Aliangalia mutoto aliyelala. Kisha akageuza uso kwenye ukuta.

Tarehe 12

Hanisemeshi. Maji anaomba kwa Kétsia. Mukono anashika wa Kétsia. Nikimuinua anakubali kuinuliwa, sawa gunia.

Leo mvua ilitufungia ndani mangaribi yote. Tate alimuambia Kétsia atoe karata. Zilikuwa zimelowa kando. Akagawa tatu: bluu kwake, kijani kwa mutoto, nyekundu akaisukuma mbele yangu bila kuniangalia. Pakiti ya samaki aliiacha imefungwa.

Tulicheza. Mikono yake ilikuwa na mbio bado. Kila asi iliyonijia niliitupa pale pale, nikatupa na mbili, nikatupa na karata nilizozihitaji mwenyewe. Nilikuwa natupa na kulia. Yeye alijenga juu yake, tatu, ine, tano, karata zake juu ya zangu, na hakusema kitu. Nilingoja neno moja, hata tusi. Kétsia njo aliyeshusha, na hakupiga kelele. Alisema tu, "Imeisha."

Tarehe 14

Hawezi kusimama. Nimemubeba mugongoni toka asubuhi. Alikuwa muzito siku alipofika kwetu. Sasa ni mwepesi, na harufu yake ni ya mutoto mugonjwa. Pumzi yake iko shingoni mwangu. Nilimusemesha njia nzima: maharagi, Lévi, watoto wa darasa langu, upuuzi wote. Hakujibu. Niliomba samahani mara nyingi mupaka neno likaisha maana, nikaendelea kulisema juu ya kupima hatua.

Tarehe 15

Tate amekufa asubuhi, saa moja, kabla hatujaanza kutembea. Alimushika Kétsia mukono, akamuambia kitu kwa Kinande, maneno ambayo mutoto hayajui. Mimi pia siyajui. Aliniangalia mara moja. Sikuona katika macho yale kusamehe, na sikuona kulaani. Nimejaribu siku nzima kuona kimoja ao kingine.

Wanaume wawili wasiotujua walinisaidia kuchimba na jembe la kukopa. Tulimufunga ndani ya bashi. Kétsia alichonga musalaba kwa vijiti. Tulisema Baba Yetu, tukaendelea.

Hombo, tarehe 19

Tumefika. Tunalala katika darasa na jamaa kumi na moja.

Tarehe 24

Mutu wa Kashebere amefika. Nyumba yetu imechomwa. Baba hajaonekana, wala mwili wake. Maharagi wameyavuna wale wenye bunduki.

Tarehe 25

Rezo iko hapa. Nimemutumia Sylvain neno: Mama amekufa, tuko Hombo.

Tarehe 2 mwezi wa kumi na mbili

Sylvain amefika juu ya moto, matope mupaka kofia. Ana uso wa Lévi na sauti nzito kupita yake. Alimukumbatia Kétsia, akalia kama mwanaume asiyezoea kulia, kwa kukohoa. Kisha alikaa juu ya tofali akaniuliza kaburi liko wapi. Nilimuchorea njia chini kwa kijiti.

Akasema, "Mimi nilimulaani, Noëlla. Ile siku ulinitumia neno. Nilitupa simu. Nilisema mbele ya mashofere wangu wote, mama yangu ni mukaidi, matope anayapenda kupita watoto wake. Sikujaribu tena. Mama alikuwa anaumwa nini wakati ule?"

Ningesema homa. Neno moja. Tate alishakufa, Baba hayuko, Honoré nani anajua aliko. Mutoto alilala wakati nilipoungama. Duniani hakuna mutu mwingine anayejua, ni mimi na daftari hii. Sylvain alikuwa ananiangalia kwa heshima, mujane aliyemubeba mama yake mugongoni. Aliniita dada.

Lakini alisema *mukaidi*. Yule mwanamuke aliyeomba nafasi tatu.

Nilisema, "Hakuwa anaumwa. Nilikudanganya. Sikumuonyesha ujumbe wako."

Aliangalia mvua ndogo ikianza mupaka ikaisha. Akauliza, "Yeye alijua?"

"Nilimuambia njiani."

"Akasema nini?"

"Hakunisemesha tena."

Alisimama, akafuta mikono kwenye suruali, akaenda kulala kwa watu wengine.

Tarehe 3

Moto ni moja: dereva mbele, Sylvain nyuma, mutoto katikati. Hakunipigia kelele, hakutaja mbuzi. Alisema tu, "Mutayarishe." Na mimi nilimutayarisha. Nilimuosha uso, nikamusuka upya nywele za mbele, nikamuvalisha sweta yangu ikamufika magotini. Sikupigana. Ningepigana na nani, na kwa mudomo gani?

Kétsia aliuliza, "Mama, na weye?"

Nilimuambia nafasi ni moja.

"Basi nitangoja ya pili, tuende pamoja."

Nilimuambia hapana, panda. Alipanda. Alishika pakiti zile ine kifuani, ndani ya sweta. Nilimufunga kikwembe kichwani juu ya baridi, na nilifunga vibaya, nikafungua, nikafunga tena, mupaka Sylvain akasema inatosha. Walipofika kwenye kona aligeuka, lakini kikwembe kilikuwa kimeshuka kwenye macho, sijui kama aliniona.

Tarehe 7

Leo kuko jua. Wanawake wote wa darasa walishuka mutoni kufua, nikaenda nao. Niliweka sabuni, nikafua, nikasuuza, nikaanika juu ya majani. Mwenzangu mumoja aliniuliza kama nimemaliza, anataka nafasi yangu kwenye jiwe. Nilitia mukono ndani ya beseni kutafuta zile ndogo zinazobaki, nikazungusha maji, nikatafuta tena. Nguo zilikuwa mbili, zote zangu. Nilimuachia jiwe.